Mguu wa Heri wa Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wenye mioyo mpo?"

"Tupo, inadunda!"

"Basi ishikeni isiwatoke, nianze."

Hapo kale Kuchakuro, yule mdogo mwenye mkia mnene, alikuwa na makapu matatu ya mbegu za mtama. Mvua inakaribia, shamba halijaguswa. Mara akapata mgeni. Mgeni gani? Kiboko! Bwawa lake limekauka, amekuja kujishikiza. Kichwa kikalala ndani, mwili ukabaki uani.

Siku ya kwanza Kiboko akala kapu moja, mwa! Siku ya pili akala kapu moja, mwa! Likabaki moja. Hilo nalo likiliwa, wanawe Kuchakuro watakula nini mwaka mzima? Alitaka kulia. Lakini mila ipo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Siku ya tatu akampa jembe.

"Jembe?" Kiboko akaguna. "Mimi mgonjwa wa moyo, Bi Kuchakuro. Nikilima moyo utapasuka. Lete kapu."

Nani wa kumsukuma Kiboko atoke? Lakini Kuchakuro naye alikuwa na ugonjwa wake, ugonjwa wa kutaka kujua. Akampanda kifuani, akatega sikio. Du... du... puf. Du... du... puf. Loo! Kumbe hakusema uongo.

"Mgeni wangu, kweli unaumwa. Umelala mno, umekula mno. Wataka kupona?"

"Nataka. Lakini jembe sishiki!"

"Nani kataja jembe? Ni kutembea tu, pale shambani penye hewa. Na ule majani, mtama ni mzito. Kapu nitalibeba mimi, usilione ukatamani."

"Utakuwa wapi?"

"Nyuma yako, nausikiliza moyo."

Kiboko akatembea. Tii! Shimo. Kuchakuro nyuma: mbegu ndani, mkia ukafukia. Tii! Shimo. Mbegu ndani, mkia ukafukia.

"Nimechoka!"

"Hebu taja jina lako."

"Ki... boko!"

"Hebu imba."

"Si... wezi!"

"Mwendo ndio huo. Ukiweza kusema usiweze kuimba, moyo uko kazini. Pumzika. Kesho tutaongeza kidogo, mstari wa pili."

Kesho mstari, keshokutwa mstari. Kila wakipumzika Kuchakuro alitega sikio. Du-du... puf. Siku zikapita. Du-du, du-du. Puf imekwenda wapi? Imetoweka! Kuchakuro akafurahi hata akasahau kuwa alikuwa anadanganya.

Shamba likaisha, kapu likaisha. Mvua ikanyesha, bwawa likajaa, mtama ukachipua mistari mistari.

"Ajabu!" Kiboko akasema. "Kila nilipokanyaga pameota!"

"Una mguu wa heri, mgeni wangu."

Kiboko akarudi kwao mbio, akijisifu njia nzima kwamba amekaa ugenini mwezi mzima bila kushika jembe. Mwaka uliofuata, mvua ikikaribia, hodi! Kuchakuro akachungulia. Kiboko, na kaka zake wanne.

"Na hawa hawawezi jembe," Kiboko akasema. "Mioyo."

"Masikini!" akasema Kuchakuro, akilitazama pori lote la nyuma ya nyumba. "Poleni. Karibuni."

Hadithi yangu imechoka kutembea, inaketi hapa. Funzo? Mwenye moyo mbovu asiende hata hatua moja. Alale chali, ale mtama. Na anayetaka kunibishia aje kesho shambani kwangu, tutembee tukibishana.