Figo ya Mtani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana mashine za kusafisha damu zilishakuwepo, aliishi Same mshona nguo mmoja, Mpare, jina lake Nakunda. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alisafiri kwenda hospitali kusafishwa damu, na mara tatu kwa wiki alirudi amechoka, amenuna.

Jirani yake alikuwa Ndesario, fundi wa kuezeka, Mchaga. Wachaga na Wapare ni watani, na hawa wawili hawakuupumzisha utani hata siku moja. Kwenye harusi Ndesario alisimama akatangaza, "Nikifa, figo zangu mpeni huyu Mpare, aache kulalamika." Watu wakacheka wakashika mbavu.

Kesho yake akamwendea Nakunda bila kucheka, akamwambia waende kwa daktari wakaandikishe. Nakunda akajibu, "Figo ya Mchaga? Itanidai kodi." Basi, yakaishia hapo. Aikaruwa, mke wa Ndesario, alikuwapo, na alijua mumewe hatanii.

Haukupita mwezi, Ndesario akaanguka kutoka paani, akakimbizwa hospitali ile ile ya Nakunda. Daktari akasema ubongo umekufa, kinachompa pumzi ni mashine tu. Akauliza kama aliwahi kusema lolote kuhusu viungo vyake, akaonya kwamba figo hazingoji.

Kaka mkubwa wa Ndesario, Mzee Anaeli, akasema maneno ya harusini yalikuwa utani, na mwili wa mtu ni wa ukoo. Asubiriwe mjomba kutoka Rombo. Aikaruwa akainamisha kichwa, kimya.

Nakunda alikuwa hapo hapo koridoni, ndiyo kwanza ametoka kusafishwa. Akajikaza akasema, "Figo zile aliniachia mimi. Naziomba."

Wafiwa wakacheka huku wanalia. Mtani ana ruhusa ya kudai chochote msibani, wakasema, ila huyu kawahi mno. Nakunda akaapa kwamba anasema kweli. Wakazidi kucheka. Jamani, mtu aombe uhai wake kwa lugha gani?

Mjomba akafika siku ya pili jioni, akasikiliza, akashangaa walikuwa wanangoja nini, apewe. Lakini moyo wa Ndesario ulikuwa umesimama tangu asubuhi. Akazikwa na figo zake mbili, nzima kabisa.

Sasa wanatupiana lawama. Mzee Anaeli anasema, "Ningejuaje? Hakuandika." Aikaruwa anasema, "Mimi mke tu, nani angenisikiliza mbele ya ukoo?" Wengine wanamlaumu marehemu: jambo zito hivyo, kwa nini alilisemea harusini? Na wapo wanaomnyooshea kidole Nakunda, kwamba alipoitwa kwa daktari alileta mzaha.

Nakunda anawasikia wote, na wote wanamkera, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, na kesho ni siku ya mashine.

Haya, ninyi mliokaa mkisikiliza, msinicheke mimi, nijibuni: nani aliyezika figo za Nakunda?