Babu wa Bwana Kiwelu

Siku moja Bwana Kiwelu, tajiri wa hoteli, alimleta balozi wa nyumba kumi kwenye kihamba cha Aikande, shamba la migomba na kahawa ambalo ukoo wake umelilima tangu enzi za mababu.

"Babu yangu amezikwa humu, kwa hiyo shamba ni letu," alisema. "Kesho mhame."

Aikande alimwona anavyotweta kwa kupanda mlima, akampa kiti na maji ya kunywa.

"Mwenye kaburi hatubishani naye, baba. Tuonyeshe tu alipolala."

Kiwelu aliangaza macho mpaka akaona tuta refu nyuma ya migomba, limezungushiwa masale, mimea inayopandwa makaburini. Akalikimbilia, akapiga magoti, akaangua kilio.

"Babu, mjukuu wako nimekuja."

"Mkumbatie, baba," alisema Aikande kwa upole.

Kiwelu alizamisha mikono udongoni, akaichomoa upesi.

"Mbona panaunguza?"

"Ni samadi na majani, mbolea yetu inaiva. Masale nimeyachomeka leo asubuhi, maana jana ulitangaza sokoni kwamba una kaburi hapa."

Balozi alicheka mpaka akakaa chini. Aikande akamletea Kiwelu maji ya kunawa na mkungu wa ndizi.

"Nyamaza, baba, usilie. Babu yako bado ana joto."