Mzinga wa Kwamhendi

Watu watatu, mzinga mmoja. Sikilizeni kwanza, hukumu mtatoa baadaye.

Katika milima ya Upare kuna msitu wa hifadhi uitwao Kwamhendi. Ndani yake, kando ya chemchemi, unaruhusiwa mzinga mmoja tu wa nyuki. Mwenyewe alipofariki, kamati ya msitu ilitangaza kwamba atakayeulinda msitu kuliko wenzake mwaka huo ndiye atakayeurithi.

Senkondo alijaliwa pua. Angeweza kukwambia jirani anapikia kuni za mti gani. Sangiwa alijaliwa miguu. Hakuna genge la mlima lililomshinda. Wote wawili waliutaka mzinga kwa heshima tu. Namkunda alijaliwa ulimi, na hakuwahi kupandisha sauti. Lakini dawa za nyanya zilikuwa zimemuulia nyuki wote shambani, mizinga tisa. Asipoupata ule wa msituni, basi ufugaji aliorithi kwa mama yake ulikuwa umekwisha.

Asubuhi moja ya ukungu, watatu hao walikuwa wakivuna tangawizi. Senkondo akasimamisha jembe.

“Moshi wa mkulo,” alisema.

“Labda kuna mtu anachoma mkaa,” alisema Sangiwa.

“Mkulo ni mti wa tambiko. Nani wa huku atauchoma? Hao ni wageni, tena wako chemchemini, unakoota mkulo.”

Katika ukungu ule, hakuna jicho ambalo lingeuona moshi. Bila pua ya Senkondo, kijiji kingejua habari kwa kuona miali.

Njia ya kawaida ilikuwa ya mwendo wa saa tatu, na upepo wa mchana, unaosambaza moto, huanza kabla ya hapo. Sangiwa hakujadili. Aliwapitisha gengeni, akawashusha wenzake kwa kamba mmoja mmoja, Namkunda akiwa amefumba macho. Walitumia muda usiofika saa moja. Bila miguu ya Sangiwa, wangekuta majivu.

Walikuta vijana watano kutoka mjini, mahema matatu na spika moja. Fulana zao ziliandikwa “Mpende Mti”. Moto wao ulikuwa wa matawi mabichi ya mkulo. Sufuria zilikuwa zimezama chemchemini, mahali ambapo kijiji kizima hunywa. Kiongozi wao alivaa kofia ya porini yenye kibandiko cha bei.

“Mambo vipi, mama?” alisema bila kusimama.

Namkunda alimtazama mpaka yule kijana akashusha miguu.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Nani amewaruhusu kulala hapa?”

“Kibali tunacho, kiko kwenye simu. Simu ndiyo imezima. Mama, sisi ni wadau wa mazingira, tumekuja kuungana na asili.”

“Naona mmeungana nayo. Mnaichoma.”

Wenzake wakacheka. Sangiwa akainua panga; papo hapo simu nne, zote zina chaji, zikaanza kumpiga picha. Namkunda akamshusha mkono.

“Acha, kaka. Wamekuja kutafuta picha, usiwape.” Kisha akamgeukia kiongozi. “Umekalia nini, mwanangu?”

“Gogo. Lilikuwa linaning’inia, tukalikata tupate kamba ya hema.”

“Liwekee sikio.”

Aliinama, akasikiliza, akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Spika ikazimwa.

“Huo ni mzinga,” alisema Namkunda, akiketi kando yake na kushika kizibo. “Mmewalevya kwa moshi wenu, ndiyo maana bado mna nyuso. Zimeni moto, fukieni majivu, toeni sufuria, muondoke. Anayetaka kubishana aniambie, nifungue.”

“Mama, tafadhali! Tunaomba dakika kumi za kukunja mahema.”

“Mahema jana mliyasimamisha wenyewe, wataalamu. Moto kwanza.”

Walizima kwa juisi, kwa maji ya kunywa, mmoja kwa kofia. Walipoondoka, watano hao waliotoka mjini kupenda miti hawakugusa hata mmoja. Upepo wa mchana ulipofika, ulikuta matope.

Jumapili kamati ilikutana chini ya mti ambao mzinga ulikuwa umetundikwa juu yake.

“Bila mimi msingejua,” alisema Senkondo.

“Ungenusa tu, mzee mwenzangu, ukiwa kule kwenye tangawizi,” alisema Sangiwa. “Mimi ndiye niliyewafikisha.”

“Mkafika mkasimama,” alisema Namkunda. “Mmoja akakohoa, mwingine akapigwa picha.”

“Na wewe ulimtishia mtu kwa nyuki wasio wako,” Senkondo akamjibu.

Namkunda akawakumbusha mizinga yake tisa iliyokufa. Mmoja wa wajumbe alisema shida ya mtu si sifa ya kumpa ushindi. Mwingine akauliza mzinga unamfaa nini mtu anayeutaka kwa heshima tu.

Nyuki hawakai chini kusubiri mkutano. Jioni ile mzinga ulipaswa kupandishwa, na anayeupandisha ndiye mwenyewe. Kila mmoja wa watatu alikuwa amekuja na kamba yake mpya. Zote tatu zimewekwa chini, na mwenyekiti amenyoosha mkono.

Haya, mliokaa hapa: mngempa kamba ya nani?