Pimbi, Fisi na Visu Vitatu vya Kukunja

— Naja!
— Njoo!
— Naja na uongo mtupu!
— Njoo nao!
— Na nikikutana na ukweli njiani?
— Uache huko huko!

Vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikikatizwa nasahau, na nikisahau sirudii.

Hapo kale, katika nchi ya Mawe Manane, kila mnyama alitembea na kisu cha kukunja. Si kisu cha vita. Hiki kilikuwa cha mfukoni, cha shughuli za kutwa: kumenya muhogo, kukata kamba, kutoa mwiba, kukwangua tope kwenye kwato. Na nyama ililiwa kwa kisu, kipande baada ya kipande. Kurarua kwa meno ilikuwa aibu, hata kwa Fisi. Msiniulize kwa nini, ndivyo walivyokubaliana.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja. Ukiwa ndani ya nyumba ukaomba kisu cha mtu, basi wewe ni mgeni, na yule uliyemwomba ndiye mwenye nyumba. Walisema mtu hawezi kukosa kisu nyumbani kwake. Kwa hiyo watu waliingia majumbani mwa wenzao wakijipapasa mifuko, na aliyesahau kisu chake alikaa kimya akatazama wenzake wakila.

Sasa palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, mkia hana. Alikuwa mama wa watoto wawili waliozaliwa mwezi uleule, na alikaa katika pango zuri, kavu, lenye mlango mwembamba kiasi kwamba Tai na mabawa yake hawezi kuingia.

Na palikuwa na Fisi. Fisi alikuwa na shimo bondeni. Masika yakaja, mvua ikanyesha, shimo likajaa maji. Fisi akatoka amelowa chapachapa, akatazama juu, akaliona pango. Akapanda. Hodi hakupiga. Akajibana mlangoni, akaingia, akajitikisa maji yote yakawarukia watoto, akasema pango hilo lilichimbwa na babu yake.

Babu yake Fisi hakuwahi kuchimba kitu maishani mwake isipokuwa makaburi ya watu. Pimbi alijua hivyo, na Fisi alijua kwamba Pimbi anajua. Lakini Fisi alikuwa mkubwa mara kumi, na nje mvua ilinyesha, na juu ya mawe Tai alizunguka polepole. Pimbi aliogopa sana. Akitolewa pangoni siku hiyo, watoto wale hawangefika jioni.

Akasema, "Bwana Fisi, twende kwa Fundi."

Fisi hakuweza kukataa. Katika nchi hiyo aliyekataa kwenda kwa Fundi, au aliyenyang'anya kwa nguvu, alifuatwa na Nyati saba, na hakuna aliyewahi kusimulia kilichofuata.

Fundi mwenyewe alikuwa Kakakuona, mhunzi, aliyejua kujikunja kama visu vyake. Watu walimpelekea magomvi yao kwa sababu hakuwa na ukoo pale na hakumpenda mtu yeyote. Akawasikiliza huku anavukuta moto, vuu, vuu, vuu. Fisi akaeleza habari za babu. Pimbi akaeleza habari za watoto. Kakakuona akasema haya yote hayamhusu. Kaeni wote wawili pangoni siku tatu, akasema, kila mtu na kisu chake. Atakayetoka nje, ameliacha pango. Atakayeomba kisu cha mwenzake, ni mgeni, na mgeni huaga akaenda zake. Jua la siku ya tatu likizama bila mtu kutoka wala kuomba, pango ni la aliyedai. Mimi nitakaa mlangoni nisikie.

Kisha akasema waonyeshe visu vyao. Cha Fisi kilipotea kwenye mafuriko. Cha Pimbi kilikuwa kimekatika nusu. Kakakuona hakusikitika hata kidogo, maana alikuwa na visu vitatu vilivyomkalia tangu kiangazi. Akavipanga juu ya ngozi.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, mpini wa pembe ya nyati, mikanda ya shaba huku na huku. Ukikikunjua kinalia kwaa! mpaka kuku wanakimbia.

Cha pili kilikuwa cha kadiri, mpini wa mfupa mweupe, bapa jembamba, ncha imechongoka vizuri. Ukikikunjua kinalia kwap.

Cha tatu kilikuwa kidogo kama ganda la kunde, mpini wa mti tu, chuma cheusi, hakina shaba, hakina nakshi, hakina lolote. Ukikikunjua kinalia ti.

"Fisi ndiye aliyedai," akasema Kakakuona. "Achague kwanza."

Fisi akakishika kikubwa. Kwaa! Akakipenda. Akakizungusha, akajiona kwenye bapa lake, akajipenda pia. Kisha akapima uzito mkononi, akafikiri siku tatu ni nyingi na mfuko wake una tundu. Akakirudisha. Akakitazama kile kidogo, akacheka, akakisukuma kando kwa ukucha. Akakishika cha mfupa. Kwap. Akakikunja. Kwap tena. Kilimkaa vizuri sana. Akaanza kukitia mfukoni.

Hilo Pimbi hakulitaka. Alikuwa ameshapanga jambo lake tangu Fundi alipotaja siku tatu, na lile bapa jembamba lingeliharibu lote. Lakini uso wake hakuubadilisha.

"Hicho hicho, Bwana Fisi," akasema. "Kinaendana na mkono wako. Hicho kikubwa kinataka mkono wa mtu mwenye mkono."

Fisi akautazama mkono wake. Akamtazama Kakakuona, kama amesikia. Kakakuona alikuwa amesikia. Fisi akakitupa cha mfupa juu ya ngozi kana kwamba kimemuunguza, akakichukua kile kikubwa, na kwa vile hakikuingia mfukoni akakichomeka kiunoni. Akasema yeye mikono ya ukoo wao inajulikana.

Pimbi akakiokota kile kidogo, akakitia mfukoni, kikapotea humo. Kakakuona akalalamika kidogo kuhusu kile kilichobaki, kisha wakaenda.

Kabla ya kuingia pangoni, Pimbi aliomba ruhusa ya kubeba chakula, na Fundi akasema kila mtu abebe anachotaka. Fisi hakubeba kitu. Alisema nyumba ya babu yake haiwezi kukosa chakula. Pimbi akabeba majani yake na ya watoto, halafu akaburuta mguu wa punda. Huyo punda alikufa kwa uzee, baada ya kufanya kazi miaka ishirini na miwili, na mguu wake ulikuwa kano tupu, kano juu ya kano, nyama imejibanza katikati. Pimbi hali nyama. Fisi alimwuliza huo mguu ni wa nini. Pimbi akajibu kwamba ni wa kuegemeza mlango.

Siku ya kwanza wakakaa. Pimbi upande huu na watoto wake, Fisi upande ule, mguu wa punda mlangoni, Kakakuona nje amejikunja mvuani. Fisi akautazama mguu. Akautazama tena. Akauliza kama mlango hauwezi kuegemezwa na jiwe.

"Unaweza," akasema Pimbi.

Basi Fisi akatoa kisu chake. Kwaa! Watoto wakaruka. Akakata, akatia mdomoni, akatafuna. Akakata, akatia mdomoni, akatafuna. Akasema nyama ina ubishi kidogo lakini ladha ipo. Akasema kisu chake kinakata kama maji. Akamwuliza Pimbi hicho chake kinakata nini, hewa? Pimbi akamenya kijiti.

Kufika alasiri, Fisi akatafuna na kutafuna, mara akasimama. Kano moja ilikuwa imeingia katikati ya magego mawili ya nyuma, upande wa kushoto, ikajikaza huko. Akaivuta kwa ulimi. Ikakataa. Akaivuta kwa ukucha. Ukucha wake haukupita. Akanyonya, fsss, fsss, fsss. Kano ikanywa mate, ikavimba, ikazidi kujikaza.

Siku ya pili Fisi hakula. Alitafuta unyasi wa kuchokolea, lakini pango lilikuwa limefagiwa na majani yote yalikuwa matumboni mwa watoto. Akapata ujiti mmoja, ukakatikia humo humo, sasa vikawa viwili. Akakitoa kisu chake. Kwaa! Akafungua mdomo, akaingiza ncha. Kisu kile kilijaa mdomoni chote, hata pa kukigeuzia hakuna. Kikagusa shavu, kikagusa ufizi, kikachana ulimi. Kwenye kano hakikufika. Akakitoa kina damu, akakifuta, akakikunja taratibu.

Akasema, kama mtu anayepitisha wakati tu, "Hicho chako, Bi Pimbi, kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

Fisi akanyonya, fsss. Akasema kitu cha mtu kikikaa mfukoni muda mrefu hupata kutu, na kwamba jirani mwema hukitoa akakiacha chini, kipate hewa. Pimbi akasema mfuko wake una hewa. Fisi akasema kwao walikuwa wakibadilishana visu kama mchezo. Pimbi akasema kwao hawakuwa na mchezo huo. Kutoka nje Kakakuona akakohoa, ili wajue yuko macho.

Siku ya tatu taya la Fisi lilikuwa limevimba. Njaa nayo ilikuwa njaa ya Fisi, si ya mtu mwingine. Na ule mguu ulikuwa pale pale, nusu nzima haijaguswa, unanukia. Alijaribu kutafuna kwa upande wa kulia, kano ikamvuta kushoto mpaka machozi yakamtoka. Akazunguka pango. Akakaa. Akasimama. Jua lilikuwa bado kiasi cha kuchemsha chungu kimoja lizame. Angevumilia hicho chungu kimoja tu, pengine tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine, ya watoto wawili na Tai.

Pimbi alilijua hilo. Akautoa ule mguu wa punda mlangoni, akausogeza katikati, akakitoa kisu chake kidogo. Ti. Akachanja palipokuwa pamefunikwa na ngozi, pale nyuma ya goti. Huko ndani, baada ya kazi yote ile ya miaka, palikuwa na kipande kimoja cha mafuta, cheupe, laini kama ugali wa moto. Hakukigusa. Akarudi upande wake, akakaa.

Fisi akatazama mafuta. Mate yakamwagika mpaka kwenye magoti.

"Naomba kisu," akasema.

"Kisu gani, Bwana Fisi?"

"Hicho."

"Hiki ni cha nani?"

"Chako."

"Na unakiomba ukiwa wapi?"

Fisi akatazama nje. Jua lilikuwa halijagusa mawe. Akatazama mafuta.

"Humu," akasema.

"Humu kwa nani?"

Fisi akanyonya jino lake mara ya mwisho, fsss. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa Fisi, wala baadaye haikusikika tena.

"Humu kwako."

Kakakuona akajikunjua huko nje, akajinyoosha mgongo, akaenda zake kwenye moto wake. Hakuaga.

Pimbi akakiweka kisu chini, Fisi akakiokota. Ti. Kikaingia, kikapita kwenye ufizi bila kugusa, kikainua kano na ujiti wake, vikatoka pamoja. Fisi akavuta pumzi mpaka kuta zikasikia. Akakirudisha kisu chini. Kisha akala yale mafuta, akala nyama iliyobaki, akapasua mfupa, akalamba mahali mfupa ulipokuwa, akashukuru kwa chakula kama mgeni anavyotakiwa kushukuru. Jua likazama, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza tena. Kisu cha pembe kilikuwa kiunoni, kinapendeza, kila aliyekutana naye njiani akakisifia.

Pimbi akaliegemeza jiwe mlangoni. Akawalaza watoto, akalia kidogo, kisha akalala.

Basi, mafundisho. Najua mnayangoja, wazazi wenu watawauliza.

La kwanza, kuhusu visu. Mkienda kwa mhunzi, msihangaike na vidogo. Chagueni kikubwa chenye pembe na shaba. Si mmesikia kilivyosifiwa njiani? Kile kidogo hakikusifiwa na mtu hata mmoja mpaka leo.

La pili ndilo kubwa, nalo ni ukarimu. Jirani akiingia kwako bila hodi, mkaribisheni. Mpeni nyama, tena mpeni ile iliyofanya kazi miaka mingi, ale mpaka atosheke. Akiomba kisu, msimnyime. Pimbi alitoa nyama yote, akatoa na kisu, hakubakiza kitu, na pango ni lake mpaka leo. Fisi hakumpa mtu chochote, ndiyo maana analala bondeni, anapiga kelele usiku kucha, nanyi mnasema eti anacheka.

— Uongo wangu umefika kwao.
— Na sisi twende kwetu.
— Anayeukataa?
— Akamwulize Fisi!