Herufi Tatu kwenye Usukani wa Gari la Kuunga

Sogeeni. Lakini kwanza mniapie kwamba hili halitoki nje ya mkeka huu. Mmeapa? Haya. Na mimi Bi Tausi muuza chai aliniapisha vivyo hivyo asubuhi. Adhuhuri ilinikuta nimeshawaambia majirani wawili. Ninyi mna bahati, ni wa tatu tu.

Pale Korogwe, kwenye gereji ya Mzee Shemhilu, walikuwapo mafundi watatu. Hizza alikuwa na jicho: akipita penye gari bovu, anajua kipi bado kizima. Mwajabu, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na mkono: chuma alichokiunga yeye mpaka akaridhika hakikatiki tena palepale. Kaniki alikuwa na kichwa kilichotulia: wenzake wakigombana, yeye anapima.

Walikuwa wanaunda gari lao wenyewe, dogo, la watu wawili. Injini lilikuwa nayo, magurudumu lilikuwa nayo, usukani hakuna. Mzee alikuwa anapumzika kazi, akasema sanduku lake la spana, na ukuu wa gereji pamoja nalo, ni la yule atakayelipatia gari usukani.

"Sisikilizi maneno," akasema. "Nasoma chuma."

Maana pale kila fundi hugonga herufi ya jina lake kwenye kazi aliyoifanya.

Mwajabu alilitaka sanduku lile mpaka chakula hakimpiti. Miaka tisa alikuwa anachomelea, na wateja bado wakifika wanamwuliza fundi yuko wapi.

Basi Hizza akaenda Mombo kwenye gari lililopinduka, akalala chini yake kutwa nzima, akang'oa reki, kile chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu kulia na kushoto. Hakuikwaruza hata kidogo. Akagonga H.

Reki ikakaa, lakini shafti, ile nondo inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye reki, ikagota kwenye injini: ndefu, tena imenyooka. Mwajabu akaikata, akatia viungo viwili vinavyojikunja, vya gari jingine, akachomelea. Ikaachia. Akarudia, ikaachia. Mara ya tatu akaibana kwenye jiliwa, akamwambia Hizza aning'inie, kilo zake tisini zote. Haikutikisika. Akagonga M palepale penye kazi yake, nyuma ya injini.

Wakajaribu. Hizza akakata kulia. Gari likaenda kushoto, moja kwa moja kwenye meza ya Bi Tausi na chupa zake za chai. Watu wakasema lina jini. Kaniki akachuchumaa, akatazama. Kwenye lile gari la Mombo reki ilikaa nyuma ya ekseli ya magurudumu. Wao wameiweka mbele. Akaifungua, akaigeuza chini juu, akaikatia vishikio vipya. Gari likatii. Akagonga K.

Siku ya kukabidhi, Mwajabu akakumbuka kitu: magoti ya Mzee hayakunjiki. Atainama mbele ya gari tu. Ataona H, ataona K. Ile M iko gizani kule nyuma.

Watu wakipanga viti, akajipenyeza chini ya turubai lililofunika gari. Wakasikia ko, ko, ko. Mzee akalivuta turubai. Mwajabu huyo, chali, nyundo mkono huu, patasi mkono huu, na M mbichi inang'aa ubavuni mwa H.

Hizza akamwuliza, taratibu, "Dada, reki hiyo uliing'oa wewe?"

Hakuinuka. "Sikufuta yako, kaka. Nimeongeza yangu. Toa shafti yangu, halafu ukate kona tuone."

Kaniki akasema kama ni hivyo, na yeye aachiwe injini akaigonge. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alilikumbatia sanduku, akawatazama mmoja mmoja, kisha akawageukia waliokuja kushangaa, kama anayewauliza wao.

Bila Hizza hakuna reki. Bila Mwajabu, mikono haifiki kwenye reki. Bila Kaniki, kulia ni kushoto. Na mmoja wao amekamatwa na patasi.

Haya, sanduku liko mikononi mwenu. Mnampa nani?