Homa Iliyopozwa Getini

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme wallahi neno hili halitatoka hapa, maana aliyenipa aliniapisha, naye aliapishwa na wifi yake. Umeapa? Haya, songa. Na wewe wa nyuma songa pia, usije ukasikia nusu ukaenda kutia chumvi. Mlango uacheni wazi, wapitao nao wana masikio.

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, kanga za mwaka ule bado zinavaliwa, kulikuwa na kiwanda cha korosho, na kiwandani kulikuwa na chumba cha kumenyea. Wanawake wanakaa bega kwa bega kwenye mabenchi, wanamenya kile kingozi chekundu cha ndani mpaka korosho itoke nyeupe kama jino la mtoto. Mmoja wao alikuwa Sikudhani, na ubavuni mwake shoga yake, Atiye. Ukimwona mmoja, mwingine yuko nyuma anakuja.

Likaja lile gonjwa la kifua. Tajiri wa kiwanda akatangaza kama alivyoamriwa: barakoa usoni, madirisha wazi, mwenye homa abaki kwao. Amri nzuri. Ila tajiri alikuwa na amri yake ya siku nyingi, nayo hakuifuta: ukilala nyumbani leo, kesho unakuta mwenzio kakalia benchi lako. Amri hizo mbili zikakaa nyumba moja kama wake wenza wasiosemeshana.

Getini akawekwa Mzee Chilumba na kile kidude cha kupimia joto, unaelekezewa usoni kama bastola. Sasa wanawake wale wanatoka vijijini kwa miguu, njia nzima mchanga, jua halina adabu. Wanafika nyuso zinawaka. Anakuja huyu, kidude kinalia. Anakuja yule, kinalia. Kwa kidude kile hakuna mzima. Mzee Chilumba akaona kiwanda kitabaki na panya. Akawaambia wachovye pembe ya kanga kwenye ndoo ya kunawia, waibandike usoni, wangoje kivulini. Wakapoa, wakapimwa, wakapita. Ikawa ndiyo desturi, kila asubuhi nyuso zimebandikwa kanga mbichi, na wenyewe wanachekana.

Asubuhi moja Sikudhani akaamka mifupa inauma, kifua kinakwaruza. Ile haikuwa ya jua, aliijua. Akawaza alale. Akawaza benchi. Mama yake haoni, na chungu cha nyumbani kinalitegemea benchi lile. Akajitanda, akaenda. Getini kidude kikalia, kama kwa wote. Akachovya kanga, akapoa, akapimwa, kikalia tena. Ndipo Atiye akambandika na ya kwake juu, akamnong'oneza, "Tulia, shoga. Usikohoe mpaka tupite." Mzee Chilumba akayaona yale macho mekundu. Akapima tena. Kidude kikanyamaza, na yeye akanyamaza.

Ndani madirisha yamefungwa. Msimamizi, Bwana Nandonde, mpenda sifa yule, hakutaka upepo. Ukiingia upepo, vingozi vyekundu vinaruka, vinaangukia korosho safi, mnunuzi ananuna. Basi hufungua mkaguzi wa afya anapokuja, hufunga mkaguzi akikata kona. Joto likawafanya wanawake washushe barakoa kidevuni. Sikudhani akashinda anakoholea kanga yake, Atiye ubavuni anamsogezea maji.

Sikudhani akapona. Atiye akafa.

Mume wa Atiye, Likumbage, akaja kiwandani kudai jibu. Tajiri akawakusanya wote uani, wakaguzi wa afya nao wapo, akasema aliyeleta kifo kile atatoka geti lile leo hii na asirudi. Macho yote yakamwendea Sikudhani. Aliyahisi mwilini kama upupu.

"Shemeji," Likumbage akamuuliza, wala hakupandisha sauti, "ulijua?"

"Nilijua. Na yeye alijua, ndiye aliyenipoza. Nilitaka benchi langu, shemeji. Sikutaka la kwake liwe tupu."

Mzee Chilumba akavua kofia. Akasema yeye alipoza wazima kwa huruma, mgonjwa akapita katikati yao. Angelisikiliza lile dude, wangemwita mchawi wa getini na kina mama wangelala njaa.

Bwana Nandonde yeye akaapa kwa kaburi la mama yake. Madirisha yake yako wazi tangu amri itoke, watazame wenyewe. Wakatazama, kweli yako wazi, si wakaguzi wapo. Sikudhani akataka kusema, akaacha. Nani angemwamini yeye? Wenzake wakatazama chini, kila mtu na benchi lake kichwani.

Mara upepo ukavuma kutoka mashambani, ukaingia chumbani, na vingozi vikaanza kurukia sinia za korosho nyeupe. Bwana Nandonde yumo katikati ya kiapo, miguu ikamtoroka. Akakimbia mbele ya tajiri, mbele ya wakaguzi, mbele ya mfiwa, akafunga dirisha, akafunga la pili, akafunga na la tatu, huku anafoka kwa mazoea, "Nani kayafungua tena haya? Si nimekataza?"

Mkono wake bado uko kwenye komeo. Hakuna aliyecheka, maana kupitia dirisha moja ambalo hajalifikia walimwona mwanamke mgeni, tajiri kamwajiri jana yake na uani hakumwita, kakaa kwenye benchi la Atiye anamenya.

Tajiri kanyoosha kidole kuelekea getini, jina bado hajalitaja. Yupo Sikudhani aliyeificha homa, yupo mzee aliyeipitisha, yupo huyu aliyeifungia ndani na wenzake, na yupo mwenye kidole mwenyewe. Haya, ninyi mlioapa kunyamaza, semeni: je, nani alistahili kutoka geti lile?