Kofia ya Kwanza ya Bi Mize

Sogeeni mhukumu, maana jambo hili limeshinda nyumba nzima.

Kule Wete walikuwako wanaume watatu: Daktari Faki alijua kukata, Fundi Haroub alijua kuunda, na Shaame alijua kusubiri. Wote walikutana kwa Bi Mize, mshona kofia, ambaye kipaji chake kilikuwa sindano na kasoro yake mdomo.

Mashine ya kusaga ilipomtafuna mkono wa kulia, Bi Mize aliweka nadhiri: "Ya Rabi, ukinirudishia mkono, kofia yangu ya kwanza namvika uliyemtuma."

Daktari Faki angeweza kukata juu ya kiwiko, kazi ya saa moja. Alisimama saa sita akiokoa misuli ya chini. Bi Mize alipozinduka akamwambia, "Kigutu hiki umeniachia cha nini? Cha kufukuzia nzi?"

Fundi Haroub akaunda mkono wa umeme unaosikiliza misuli: ukikaza nyama ya kigutu, vidole vinafumba. Aliuvunja na kuuunda upya mara tatu. Bi Mize akacheka. "Hili koleo, si mkono."

Mkono ukapasua vikombe sita, naye akautupa kabatini. Ndipo Shaame, mumewe, akawa anautoa kila baada ya sala ya alfajiri, anamvisha, anakaa mbele yake.

"Fumba, mke wangu."

"Hautaki!"

"Uambie tena. Mimi sina safari."

Miezi minane hiyo, chai wakinywa kwa bakuli. Naye Shaame alitukanwa, tena zaidi ya wenzake.

Juzi Bi Mize kamaliza kushona nakshi za kofia ya kwanza. Alisujudu, akalia, akawaita wote watatu akawaomba radhi mmoja mmoja. Lakini kofia bado vipande viwili, cha juu na cha pembeni. Huunganishwa kwa kipimo cha kichwa cha mvaaji.

Daktari akatania, "Bila misuli niliyoiokoa, mashine ingemsikiliza nani?"

"Na bila mashine," Haroub akasema, "misuli ingemwambia nani?"

Shaame akacheka. "Na bila mimi, mngezungumza na kabati."

"Kosa ni langu," Bi Mize akasema. "Nilidhani Mungu atanitumia mmoja."

Nyingine mbili atashona, inshallah. Ila nadhiri ni ya kwanza, na kofia haivaliwi na vichwa vitatu. Amesimama mbele yao, uzi wa kupimia kaushika kwa vidole vile vya umeme, wala hautetemeki.

Je, wewe ungempima nani?